Kufuli kwenye kivinjari si muhuri wa serikali

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu tangu zamani: ukiona alama ya kufuli kando ya anwani, tovuti hiyo ni ya serikali, lipia leseni au pasipoti bila wasiwasi. Si kweli. Tafadhali usiusambaze, maana wanaouamini hupoteza pesa na namba zao za kitambulisho.

Kufuli huonyesha tu kwamba taarifa zinafichwa zinaposafiri kati ya simu yako na tovuti. Halisemi tovuti ni ya nani. Cheti cha kidijitali kinachofanya kufuli lionekane hupatikana bure kwa dakika chache, hata kwa tapeli. Zamani vyeti hivyo vililipiwa, na watu wakafundishwa kutafuta kufuli. Hali ikabadilika, ushauri ukabaki.

Kagua anwani yenyewe. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya https://, kisha soma ukirudi kushoto. Kwenye https://leseni.go.example.com/fomu, mwenye tovuti ni example.com, hiyo “go” ya katikati yeyote anaweza kuiweka. Katika nchi nyingi, anwani za serikali huishia na go au gov, nukta, na herufi mbili za nchi. Ukisita, usibofye kiungo ulichotumiwa: andika mwenyewe anwani iliyochapishwa kwenye fomu au barua rasmi ya ofisi husika.