Doge: mkuu wa mji asiyeruhusiwa kufungua barua zake mwenyewe

Ukitafuta neno "doge" kwenye simu, atakayekutangulia ni mbwa: yule wa Kijapani mwenye manyoya ya rangi ya mchanga, ambaye tangu mwaka 2013 ana hata sarafu yake ya mtandaoni. Tumwache apite. Doge ninayemsemea hapa ni mtu, tena mtu mzito, mkuu wa mji-dola wa Venice, kaskazini mwa Italia. Waitalia hulitamka jina lake "doje". Asili yake ni dux, neno la Kilatini lenye maana ya kiongozi, lililosuguliwa na lahaja ya Venice mpaka likawa hivyo.

Mji-dola ni mji unaojitawala, wenye sheria zake, sarafu yake na jeshi lake, usiomsujudia mfalme wa mbali. Mtu wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa sana, maana Kilwa na Pate zilikuwa hivyo. Venice iliishi hivyo kwa takriban miaka elfu, imekaa juu ya visiwa vidogo katikati ya maji ya chumvi, na kwa nyakati fulani ikimiliki hata Krete na Kupro. Siku hizi watunzi wa hadithi za miji ya kubuni wanapotaka kigogo mwenye joho refu, jumba la marumaru na fitina nyuma ya kila pazia, wengi huchota katika kisima hiki, hata wasipojua ni cha nani.

Ila hadithi hizo humpa kigogo nguvu nyingi mno. Doge wa kweli alivaa kama mfalme, akaishi katika kasri, akashika cheo mpaka kufa, na bado hakuwa mfalme. Cheo hakikurithiwa. Orodha ya jadi inahesabu madoge 120, kuanzia mwaka 697 hadi 1797, ingawa wanahistoria wana shaka na wale wa mwanzo kabisa. Katika karne za awali baadhi yao walijaribu kuwaachia watoto wao kiti. Waungwana wa mji, matajiri wa merikebu na mizigo, wakaona hatari, wakaanza kuyakata makucha ya doge, moja baada ya jingine. Mwaka 1297 wakalifunga Baraza Kuu, mkutano wa waungwana ulioendesha mji: kuanzia hapo, kuingia kukawa jambo la ukoo. Baadaye watoto wa koo hizo waliandikwa katika Kitabu cha Dhahabu, na ambaye jina lake halimo hakuwa na lake katika utawala.

Doge alitoka miongoni mwa hao. Namna alivyopatikana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Utaratibu uliowekwa mwaka 1268 ulikuwa hivi. Doge akifa, ofisa mmoja kijana hushuka kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko na kumshika mkono mvulana wa kwanza atakayekutana naye. Mtoto huyo ndiye anayechomoa vijipira kutoka kwenye chungu, kwa kuwa mkono wa mtoto wa njiani hauna ndugu barazani. Kwa vijipira hivyo wanapatikana wajumbe 30. Hao wanapunguzwa, kwa bahati tena, wanabaki 9. Tisa hao wanachagua 40. Arobaini wanapunguzwa kuwa 12. Kumi na wawili wanachagua 25, wanaopunguzwa kuwa 9. Tisa hawa wanachagua 45, wanaopunguzwa kuwa 11. Na hao kumi na mmoja ndio wanaochagua watu 41, ambao sasa, hatimaye, wanajifungia na kumchagua doge. Anahitaji kura zisizopungua 25.

Unaweza kucheka, lakini fikiria ungekuwa na fedha za kuhonga. Ungemhonga nani? Usiku huu hujui nani atakuwa ndani kesho asubuhi, na ukishajua, kijipira kimeshamtoa. Tena Kiswahili kina bahati hapa: kwetu "kupiga kura" ni kuchagua na pia ni kubahatisha, kama watoto wanavyopigiana kura nani aanze. Venice walifanya yote mawili, kwa zamu, mpaka mwisho. Na vile vijipira vyao, ballotta, ndivyo vilivyowapa Waingereza neno lao la karatasi ya kura.

Aliyeshinda alivishwa kofia ya ajabu, yenye kipembe kilichochongoka kwa nyuma, na ndani yake kikofia cheupe cha kitani. Kisha akaapa. Kiapo hicho ndicho kamba iliyomfunga. Kila doge alipokufa, kamati ilikaa kukipitia upya na kuongeza masharti pale ambapo marehemu alipata mwanya, kwa hiyo kamba ilizidi kukaza kila zamu. Hakuruhusiwa kufungua barua ya mtawala wa nje bila madiwani wake kuwapo. Hakuruhusiwa kutoka nje ya mji bila idhini. Watoto wake hawakuoa wala kuolewa ugenini bila baraza kukubali. Zawadi alizoweza kupokea ni vitu vya kunukia tu, kama maua na maji ya waridi. Hata kujiuzulu kulihitaji ruhusa. Na akishafukiwa, wachunguzi watatu walikaa na vitabu vyake. Wakikuta kasoro, faini walilipa warithi.

Piga picha ya asubuhi ya mzee huyo. Wengi walichaguliwa wakiwa wameshazeeka, na nadhani hilo lilikuwa la makusudi. Barua ya Sultani ipo mezani, lakiri haijavunjwa. Anawasubiri madiwani sita, mmoja kutoka kila mtaa mkuu wa mji, wafike. Kila kitu kinatoka kwa jina lake, na karibu hakuna anachoamua peke yake.

Sherehe ndizo alizoachiwa. Kila sikukuu ya Kupaa kwa Bwana alipanda merikebu iliyopakwa dhahabu, Bucintoro, akaenda kwenye mlango wa bahari na kutupa pete majini, akisema: "Tunakuoa, ewe bahari, iwe alama ya utawala wa kweli na wa milele." Bibi harusi huyo hakuwa mwaminifu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi wa kumvusha hadi India, na pilipili manga iliyokuwa ikipitia Aleksandria kwenda Venice ikapata njia nyingine ya kufika Ulaya.

Sherehe nyingine zilimtoboa mfuko. Desturi ilimtaka ampe kila mwungwana wa Baraza Kuu bata mwitu watano. Waungwana walikuwa mamia kwa mamia, bata wakawa adimu, na mwaka 1521 ikaamuliwa watolewe medali ya fedha badala yake. Medali hiyo iliendelea kuitwa osella, yaani ndege.

Wapo waliojaribu kuikata kamba. Marino Faliero alipanga njama ya kujifanya mtawala halisi. Ikavuja, akakatwa kichwa tarehe 17 Aprili 1355. Ukiingia leo katika ukumbi wa Baraza Kuu utaona picha za madoge zimepangwa chini ya dari, na mahali pake pamechorwa pazia jeusi. Maandishi yanasema hapa ni mahali pa Faliero, aliyekatwa kichwa kwa makosa yake. Francesco Foscari yeye hakupanga njama yoyote. Alitawala tangu 1423, mwanawe akapelekwa uhamishoni na kufia huko, majonzi yakamlemea, na mwaka 1457 Baraza la Watu Kumi, kamati ya usalama wa dola, likamlazimisha aondoke. Alikufa baada ya siku chache tu.

Wa mwisho alikuwa Ludovico Manin. Tarehe 12 Mei 1797, majeshi ya Napoleon yakiwa mlangoni, Baraza Kuu liliitwa kujivunja lenyewe. Akidi ilikuwa wajumbe 600, wakafika 537. Walipiga kura hivyo hivyo, haraka, wakatawanyika. Inasimuliwa kwamba Manin alirudi chumbani, akavua kile kikofia cheupe cha kitani, akampa mtumishi wake na kumwambia akichukue, yeye hatakihitaji tena.