Savagnin: zabibu ya Jura inayobebeshwa sifa za pipa

Savagnin ni zabibu nyeupe ya Jura, eneo dogo la milima na mabonde lililoko mashariki mwa Ufaransa, kati ya Burgundy na mpaka wa Uswisi. Wapenzi wengi wa mvinyo wamelisikia jina lake tu, na wachache walioionja mara nyingi wameionja katika sura moja, yaani vin jaune, mvinyo wa manjano wenye ladha nzito isiyofanana na ya mvinyo mweupe mwingine wowote. Kwa sababu hiyo, mengi yanayosemwa juu ya Savagnin yanahusu kazi inayofanyika ndani ya pipa, wala hayahusu zabibu yenyewe, na mengine ni makosa ya wazi ambayo yamerudiwa hadi yakazoeleka.

Dhana: Mvinyo wa Savagnin ni mvinyo ulioharibiwa na hewa

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoidhulumu zaidi zabibu hii. Mtu hufungua chupa ya vin jaune, akaona rangi ya dhahabu iliyokolea, akanusa harufu ya kokwa kavu na viungo vya pilau, kisha akaamua kwamba chupa ilihifadhiwa vibaya. Uamuzi huo unaeleweka, lakini si sahihi.

Mvinyo ukikaa ndani ya pipa la mwaloni, sehemu yake hupotea polepole kama mvuke kupitia mbao, na nafasi tupu hubaki juu yake. Katika maghala mengi duniani, mtunzaji hujaza nafasi hiyo mara kwa mara ili hewa isipate pa kukaa. Kwa vin jaune, nafasi hiyo huachwa makusudi. Juu ya mvinyo huota utando mwembamba wa chachu, wenye rangi nyeupe inayoelekea kijivu na mikunjo midogo midogo, na utando huo hutumia oksijeni iliyopo juu huku ukiukinga mvinyo ulio chini yake. Kwa hiyo kinachotokea humo ni kazi ya viumbe hai inayodumu kwa miaka, na matokeo yake ni tofauti kabisa na ya mvinyo ulioachwa wazi mezani ukachacha. Mvinyo usio na utando, ukiachwa na hewa kiasi hicho kwa muda huo wote, ungeishia kuwa siki.

Mtunzaji hathubutu kuusumbua utando huo. Anapotaka kuonja au kupima, hatumbukizi kitu kupitia tundu la juu la pipa. Huchota mvinyo kupitia kitundu kidogo kilichotobolewa kwenye uso wa pipa, chini ya usawa wa utando, kisha hukiziba tena. Vipimo hufanywa kila baada ya muda ili kuona kama dalili za siki zimejitokeza, na pipa linaloonyesha dalili hizo huondolewa kabla halijapotea lote. Si kila pipa linalofika mwisho, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei kubwa ya mvinyo huu.

Muda wenyewe umewekwa na sheria. Vin jaune hutengenezwa kwa Savagnin pekee, na haina budi kukaa pipani bila kujazwa hadi angalau tarehe 15 Desemba ya mwaka wa sita baada ya mavuno, na miezi isiyopungua 60 kati ya hiyo iwe chini ya utando. Zabibu zilizovunwa mwaka 2018, kwa mfano, zilifika sokoni kama vin jaune mwaka 2025.

Harufu inayowashangaza watu hutokana zaidi na kemikali iitwayo sotoloni, ambayo hujengeka polepole katika miaka hiyo ya utando. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaifahamu bila kujua jina lake, kwani ndiyo hiyohiyo inayoupa uwatu harufu yake. Yeyote aliyewahi kukaanga mbegu za uwatu jikoni ana msamiati wa kutosha kuieleza vin jaune, pengine kuliko mtaalamu aliyekulia mahali ambapo kiungo hicho hakitumiki.

Jambo ambalo dhana hii inalificha kabisa ni kwamba Savagnin si lazima ipitie njia hiyo. Upo mvinyo wa Savagnin unaotunzwa katika mapipa yanayojazwa daima, na wakulima wengi wa Jura wanauuza, mara nyingi ukiwa na neno ouillé kwenye lebo yake. Huo hauna sotoloni ya kuzungumzia. Una ukali wa asidi ulionyooka, harufu ya limau na matunda yenye nyama nyeupe kama tufaha, na ladha inayobaki mdomoni kwa muda mrefu. Humo ndimo tabia ya zabibu inapoonekana bila pazia: punje ndogo zenye ganda nene, kichala kidogo kilichobanana, kuiva kwa kuchelewa, na asidi isiyoshuka hata sukari inapopanda sana. Asidi hiyo na ganda hilo ndivyo vinavyoiwezesha kuhimili miaka sita ya pipa. Chachu inafanya kazi kubwa, lakini inafanya kazi juu ya zabibu iliyoumbwa kuvumilia.

Dhana: Vin jaune ni sheri ya Kifaransa

Ulinganisho na sheri, mvinyo wa Jerez, Hispania, una chembe ya ukweli, kwa kuwa sheri ya aina ya fino nayo hutunzwa chini ya utando wa chachu. Tofauti ni kwamba sheri kwa kawaida huongezewa pombe kali, ilhali vin jaune haiongezewi chochote. Kilevi chake chote kimetoka katika sukari ya zabibu. Tena fino huchanganywa kwa mfumo wa mapipa yanayolishana, mvinyo mchanga ukiongezwa kwenye mkongwe, ilhali vin jaune ni ya mavuno ya mwaka mmoja unaoandikwa kwenye chupa.

Hapo hapo niitaje chupa yake, inayoitwa clavelin, ambayo ina sentilita 62 badala ya 75 za kawaida. Wapo wanaodhani ni hila ya wafanyabiashara. Ujazo huo umewekwa kisheria, na wenyeji huueleza kuwa ndicho kiasi kinachobaki katika lita moja baada ya miaka yote hiyo ya pipa.

Dhana: Savagnin ni Sauvignon iliyoandikwa vibaya

Majina yanafanana, lakini mizabibu ni miwili. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa Savagnin ni mzazi mmojawapo wa Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe maarufu, kwa hiyo anayemchukulia mzazi kuwa kosa la tahajia la mtoto ameugeuza ukoo juu chini. Na ukoo huo ni mpana kweli. Chenin Blanc ni mtoto mwingine wa Savagnin, na hapa habari hii ya mbali inatugusa: Chenin Blanc hulimwa Dodoma, na ndiyo zabibu nyeupe inayoongoza kwa wingi Afrika Kusini, ambako hutoka sehemu kubwa ya mvinyo mweupe unaouzwa madukani Afrika Mashariki. Wengi wameonja kizazi cha Savagnin bila kuisikia Savagnin yenyewe.

Kwa wataalamu wa mizabibu, Savagnin Blanc na Traminer ni mmea mmoja wenye majina tofauti. Gewürztraminer, inayopendwa sana Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kwa harufu yake ya waridi, ilitokana na mabadiliko ya jeni ndani ya mmea huohuo, yaliyoipa ganda la waridi na harufu kali. Kutokana na hilo baadhi ya watu hutarajia Savagnin inukie vivyo hivyo, na wanakata tamaa. Hawapaswi, Savagnin ya Jura haina harufu hiyo ya maua. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, mmea huohuo hulimwa kwenye miteremko mikali ya Visperterminen kwa jina la Heida.

Kosa kubwa zaidi la utambulisho lilitokea Australia. Wakulima wa huko walipata miche kutoka Hispania wakiambiwa ni Albariño, zabibu nyeupe ya huko, wakaipanda, wakauza mvinyo wake kwa jina hilo. Mwaka 2008 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitembelea nchi hiyo aliitilia shaka, na vipimo vya vinasaba vya mwaka 2009 vikathibitisha kwamba miche hiyo ilikuwa Savagnin. Baadhi ya wakulima waliamua kuitunza kwa jina lake la haki, na nawapongeza kwa hilo, kwani kulijenga jina jipya sokoni ni kazi ngumu.

Dhana: Ililetwa kutoka Hungaria

Hadithi ya Jura husema kwamba watawa wa kike wa abasia ya Château-Chalon, waliokuwa mabinti wa familia za kikabaila, waliupata mzabibu huu kutoka Hungaria. Ni hadithi nzuri, na abasia ilikuwepo kweli, lakini vinasaba haviiungi mkono. Savagnin ina undugu wa mzazi na mtoto na zabibu ya Pinot, na jamaa zake wamejikita katika ukanda wa kaskazini-mashariki mwa Ufaransa na kusini-magharibi mwa Ujerumani. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulichunguza mbegu za zabibu zilizofukuliwa katika maeneo ya kale ya Ufaransa, na mbegu moja ya Zama za Kati kutoka Orléans, yenye umri wa takriban miaka 900, ilikutwa na vinasaba sawasawa na vya Savagnin Blanc ya leo. Maana yake ni kwamba wakulima wameuzalisha mmea uleule kwa vipandikizi, kizazi baada ya kizazi, kwa karne zisizopungua tisa. Kwangu mimi ukweli huu unaipita hadithi ya watawa kwa mbali.

Dhana: Jura yote ni Savagnin, na Château-Chalon ni zabibu

Zabibu inayochukua eneo kubwa zaidi Jura ni Chardonnay. Château-Chalon nayo ni jina la kijiji na la mvinyo unaotoka kwenye miteremko yake na ya vijiji jirani, ambako udongo wa kijivu wa mfinyanzi na chokaa unaifaa Savagnin. Vin jaune pekee ndiyo yenye haki ya kubeba jina hilo, na kila mwaka kamati hukagua mashamba kabla ya mavuno. Katika miaka ya 1974, 1980, 1984 na 2001, zabibu hazikufikia kiwango, na hakuna Château-Chalon iliyotengenezwa. Ni heshima adimu kwa jina la mahali, wakulima kukubali kukosa mapato ya mwaka mzima.

Dhana: Mvinyo mweupe hunywewa ukiwa mchanga na baridi sana

Kwa mvinyo mweupe wa kawaida shauri hilo lina mantiki. Kwa vin jaune linapoteza pesa. Huweza kukaa chupani kwa miongo mingi, na mwaka 2018 chupa ya mavuno ya 1774 kutoka Arbois, mji wa Jura, iliuzwa mnadani mjini Lons-le-Saunier kwa zaidi ya euro 100,000. Baridi kali huifunga harufu yake. Nyuzijoto 14 hadi 16 zinatosha. Chupa ikishafunguliwa haihitaji kumalizwa usiku huohuo, kwa kuwa mvinyo uliokwisha kuishi na hewa kwa miaka sita hauiogopi tena, na ukizibwa vizuri utadumu wiki kadhaa. Wenyeji huunywa pamoja na jibini ya Comté iliyokomaa, au huupikia kuku pamoja na uyoga wa moreli.

Anayetaka kuifahamu Savagnin kwa mara ya kwanza ningemshauri aanze na ile ya ouillé, ailinganishe na Chenin Blanc anayoifahamu, kisha ndipo aende kwenye vin jaune, akiwa tayari anajua ni ladha zipi zimetoka shambani na zipi zimetoka chini ya utando.