Imajinesheni ina mipaka, tena mingi tu

Juzi tena, motivesheno spika kashika maiki, "imajinesheni haina mipaka!", ukumbi mzima makofi. Mimi nafundisha falsafa ya akili na hii sentensi imeshanichosha, acha leo niitolee uvivu.

Haya, vuta picha ya Beit al Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, ile aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, yenye nguzo ndefu mbele. Unaiona? Sasa hesabu nguzo. Sio ukumbuke namba uliyoisoma mahali, hapana, zihesabu kwenye hiyo hiyo picha. Wengi wanataja namba fasta, ukiwaambia warudie inakuja nyingine, halafu wananinunia mimi. Ukisimama mbele ya jengo lenyewe unahesabu bila shida ila kichwani hamna nguzo ya ziada ya kugundua, zipo zile ulizoweka mwenyewe basi. Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, alilisema hili mwaka 1940 kwa kutumia jengo la Panthéon la Paris, kwamba picha ya kichwani haikufundishi kitu kipya. Na kweli, Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka, lakini kama hukupata habari, kwako bado imesimama nzima.

Mwanafalsafa mwingine, Descartes, alishatangulia mwaka 1641: umbo la pande elfu moja unalielewa vizuri kabisa, ila jaribu kulivutia picha uone kama utalitofautisha na la pande elfu kumi. Kuelewa na kuvuta picha ni vitu viwili.

Sasa nikisema mipaka watu wanadhani naponda. Wapi! Mipaka ndo inaipa kazi. Unataka kupitisha kabati mlangoni, unaligeuza kwanza kichwani, si ndio? Ukiliruhusu lisinyae humo kichwani utavunja fremu ya mlango. Wanasaikolojia Shepard na Metzler mwaka 1971 walipima hili, waliwaonyesha watu michoro ya maumbo mawili waseme kama ni umbo moja, na kadiri pembe ya kuligeuza ilivyokuwa kubwa ndivyo jibu lilivyochelewa, yaani kama vile wanageuza kitu chenyewe mkononi.

Ila kuna sehemu inaninyima usingizi. Galileo, 1638: funga jiwe zito na jepesi pamoja. Kama zito ndo huanguka haraka, jepesi litalichelewesha, lakini yakiwa pamoja ni mazito zaidi so yaanguke haraka zaidi. Haiwezekani yote mawili! Na hajadondosha hata kokoto. Sasa hapo Sartre, aliyesema picha ya kichwani haifundishi kipya, tunamweka wapi? Wanafalsafa wa sayansi wamegawanyika: John Norton anasema ile ni hoja ya kawaida imevalishwa picha, toa mawe toa kamba bado inasimama, James Robert Brown anasema hapana, akili imeona kitu pale. Wanafunzi wakiuliza niko upande gani, inategemea nani nimemsoma mwisho.