Kazi ya Kujitolea Ihesabiweje Tunapoajiri Marubani?

Swali hili huletwa kwangu na vijana waliomaliza mafunzo ya urubani, na mara nyingi zaidi huletwa na wazazi wao, ambao wameshauza kiwanja Kisauni au Mtwapa kulipia masomo na sasa wanataka kujua kama mwana apeleke jina lake Msalaba Mwekundu ili wasifu wake upate uzito. Mimi ni kapteni, na nimekuwa nikiketi katika jopo la mahojiano la kampuni ndogo inayorusha ndege kutoka hapa Mombasa. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya kujitolea isipewe alama hata moja kwa kuwa tu imefanywa, lakini jopo lisiloiulizia linajinyima ushahidi ambao simuleta, yaani mtambo wa mafunzo unaoiga ndege, haiwezi kuutoa.

Desturi yenyewe imekomaa zaidi Marekani, ambako fomu za maombi za mashirika makubwa huwa na sehemu ya kazi za kujitolea. Baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo mwezi wa Februari 2009 na kuua watu 50, sheria ilikazwa, na tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa ndege za abiria huko anatakiwa awe na leseni ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida haipatikani kabla ya saa 1,500 angani. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshazipita saa hizo, lakini hilo ni la siku nyingine.) Waombaji wanapokuwa wote wana saa hizo na leseni hiyo, jopo hutafuta pengine pa kuwatofautishia. Tena mwenzetu wa huko ana milango iliyo wazi: Civil Air Patrol, iliyoanzishwa mwaka 1941, huwatumia marubani wa kujitolea kutafuta ndege zilizopotea, na mpango wa Young Eagles umekuwa ukiwarusha watoto bila malipo tangu 1992. Anajitolea huku anaruka.

Kwetu hali ni nyingine. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya urubani wa biashara huhitaji saa 200, au 150 kwa aliyesoma katika chuo kilichoidhinishwa, na kijana wa Pwani akishazipata huwa hana ndege ya kujitolea nayo wala fedha za kukodi saa nyingine. Anayebaki na muda wa kujitolea ni yule ambaye nyumbani kwao hawamtegemei. Aliyeshinda dukani kwa babake Marikiti, akirudi jioni kusomea mitihani ya hali ya hewa na uongozaji, ataiacha sehemu hiyo tupu, na fomu iliyonakiliwa kutoka nje itamhesabia upungufu.

Hata hivyo, tuangalie kitu ambacho jopo hutafuta. Mwaka 2013 ICAO ilichapisha mwongozo unaotaja stadi nane za msingi za rubani. Baadhi yake, kama kuishika njia ya ndege kwa mkono au kwa mitambo, hupimwa vizuri katika simuleta. Lakini mawasiliano, uongozi na kufanya kazi pamoja ni tabia, na tabia haidhihiriki yote katika kipindi kimoja ambacho mwombaji anajua kwamba anatazamwa. Sisi Wakenya hatuhitaji kukumbushwa uzito wa stadi hizo. Ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, ilianguka usiku wa tarehe 5 Mei 2007 mara tu baada ya kupaa Douala, na watu wote 114 waliokuwamo wakafariki. Otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege badala ya rubani, haikuwa imeshika, ndege ikalalia kulia polepole gizani bila kutambuliwa, na miongoni mwa mambo ambayo wachunguzi waliyataja ni ukosefu wa uratibu baina ya marubani wawili. Katika chumba cha marubani lazima mdogo aweze kumwambia mkubwa kwamba mambo hayaendi sawa, na aseme tena akipuuzwa.

Ndiyo maana siulizi mtu amejitolea wapi, bali ni lini alilazimika kumkatalia aliyemzidi umri au cheo. Mwombaji mmoja alikuja na faili nene ya vyeti na picha: kupanda mikoko, kusafisha ufuo, kutembelea watoto yatima. Nilipomwuliza kundi lao lilifanyaje walipokosana, alijibu kwamba hawakuwahi kukosana. Mwingine aliiacha sehemu hiyo tupu. Tulipomdadisi kuhusu maisha yake nje ya masomo, alisema kwamba mtaani kwao Majengo yeye ni katika vijana wanaoshughulikia mazishi, na siku moja walipokwenda mochari kuchukua maiti aliona jina lililoandikwa kwenye kibali cha mazishi si la marehemu wao. Mzee aliyewaongoza alikuwa na haraka kwa sababu jeneza lilikuwa likisubiriwa msikitini kabla ya Alasiri. Kijana akamwambia, “Ami, kibali hiki si chetu.” Mzee akamhimiza wapakie, karatasi zitatengenezwa baadaye. Kijana akaishika ile karatasi mbele ya macho yake, akamsomea jina herufi kwa herufi, kwa adabu, mpaka mzee akasimamisha shughuli.

Tukamwuliza mbona hakuandika hayo katika fomu. Alishangaa, kwake hiyo ni faradhi ya mtaa, haimpitikii mtu kuitangaza. Hapa Pwani tumelelewa kwamba mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue, na wenzetu Wakristo wamefundishwa hayo hayo. Fomu inayodai sadaka itangazwe itawapata zaidi wanaopenda kutangaza.

Lipo jambo jingine linalojificha ndani ya neno hilo hilo, nalo linanikera. Baadhi ya vijana wenye leseni hushauriwa “wajitolee” kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, bila mshahara, au hata walipe wao, ili wajaze kitabu cha saa za kuruka. Hiyo ni ajira isiyolipwa. Abiria amelipa nauli, ndege imeingiza fedha, na rubani mwenye njaa ambaye usiku alifanya kibarua kingine ili apate kodi ya chumba ni hatari kwake na kwa walio nyuma yake. Nikikutana na saa za namna hiyo sizihesabu kuwa wema, wala simlaumu kijana. Ninayemlaumu ni mwenye ndege.

Utaratibu ninaoutetea huanza na leseni, cheti cha afya, mtihani wa nadharia na simuleta, na asiyefika kiwango hapo hainuliwi na msaada wowote alioutoa kwa jamii. Kwa waliofika, swali liwe pana: tueleze kazi yoyote uliyoifanya na watu ambao hukuwa na mamlaka juu yao, iwe ya mshahara, ya nyumbani, ya michezo au ya kujitolea. Jibu lipimwe kwa yale aliyotenda, na aliyemlea mdogo wake mgonjwa asishindwe na aliyevaa fulana ya shirika. Kisha mtu wa jopo ampigie simu aliyekuwa naye kazini. Kazi hii hupuuzwa mno, ingawa haichukui muda mrefu.

Kwa mwombaji, mistari miwili inatosha: ulichokuwa ukikifanya hasa, kwa muda gani, na nani anaweza kuthibitisha. Ukiwa ulianza mwezi uliopita baada ya kuona tangazo la kazi, liache jambo hilo nje ya fomu, kwa maana tarehe huwa tunazisoma.