Balagha: maneno yanayofika

Neno balagha tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufika. Ndiyo mzizi uleule uliotupa balehe, yaani kufikia utu uzima, na mubalagha, ile chuku inayopita kiasi. Balagha basi ni ufundi wa kuyafanya maneno yamfikie msomaji na kumvuta kwenye uamuzi.

Wanafunzi wengi huchanganya njia za kushawishi na mbinu za lugha. Njia ni tatu, kwa mpangilio wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo: hoja, hisia, na imani ya msomaji kwa mwandishi. Takriri (kurudia neno), sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine), tashbihi (kufananisha kwa "kama") na swali la balagha (swali ambalo muulizaji hangoji kujibiwa) ni vyombo tu vya kubebea njia hizo. Takriri ileile inaweza kubeba hoja leo na hofu kesho.

Hoja haina mengi: ushahidi, sababu, mfano. Imani kwa mwandishi ndiyo hueleweka vibaya, maana watu hudhani inaletwa na vyeo. Aristotle alishikilia kuwa ijengwe na maneno yenyewe, si na sifa aliyokuja nayo msemaji. Anayeeleza upande wa pili bila kuupotosha huaminika kuliko anayetanguliza shahada zake.

Hisia nazo zina utaratibu. Ili uamshe hasira, alisema Aristotle, ujue mtu mwenye hasira huwa katika hali gani, humkasirikia nani, na kwa lipi. Ndiyo maana sentensi kama "hali hii inasikitisha sana" haimgusi mtu: hakuna aliyekosa wala aliyekosewa.

Sasa tazama swali la balagha, chombo ninachokipenda kuliko vyote. Ukimwambia mwendesha pikipiki "vaa helmeti", umemwamuru, naye atatafuta la kubishia. Muulize: "Kichwa kikielekea kwenye lami, utakikinga kwa kiganja?" Jibu atalitoa mwenyewe, na ni vigumu mtu kupinga alichokisema mwenyewe moyoni. Hapo hoja na hofu zimepanda chombo kimoja.

Chombo hicho huzama jibu lisipokuwa la hakika. Andika "Nani asiyejua kuwa sheria hii ni mbaya?" na msomaji akajijibu "mimi", basi umempoteza. Ukiyapanga maswali matano mfululizo, hiyo ni kelele.

Kipimo changu ni kuligeuza swali liwe sentensi ya kawaida. "Kiganja hakiwezi kukinga kichwa kinachogonga lami" bado ina uzito. "Kila mtu anajua sheria hii ni mbaya" haina kitu ndani, na alama ya kuuliza ndiyo iliyokuwa ikiuficha utupu huo.