Leseni ya kitaifa ya majarida ya utafiti ni nini?

Umesaka makala ya utafiti mpaka umeipata. Muhtasari unausoma bure, lakini ukitaka kuifungua yote unadaiwa dola 30 na ushee. Kesho yake unaijaribu tena kwa Wi-Fi ya chuo, inafunguka bila hata kukuuliza jina. Makala ni ile ile. Tofauti ni kwamba tovuti ya mchapishaji imeitambua anwani ya mtandao wa chuo kuwa ni ya mteja anayelipa.

Sasa mteja huyo, badala ya kuwa chuo kimoja, awe nchi nzima. Serikali, au chombo ilichokikabidhi kazi hiyo, inakaa mezani na mchapishaji, inasaini mkataba mmoja na kulipa kwa niaba ya wote waliotajwa humo. Hiyo ndiyo leseni ya kitaifa. Isikuchanganye na leseni ya udereva au ya biashara. Hii ni ruhusa ya kusoma tu, inauzwa na anayeshikilia haki za machapisho, na mara nyingi ina tarehe ya kwisha.

Shughuli iko kwenye hayo maneno "waliotajwa humo". Iceland, yenye watu wasiofika laki nne, ilikata mzizi wa fitina: kompyuta yoyote iliyounganishwa na intaneti ya nchini inasoma majarida yaliyolipiwa, iwe ya profesa au ya mvuvi. Misri ilianzisha Benki ya Maarifa mwaka 2016, na raia anajisajili kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa.

India ndiyo iliyozungumziwa sana siku hizi. Novemba 2024 baraza la mawaziri lilipitisha rupia bilioni 60 kwa miaka mitatu, 2025 hadi 2027, kulipia majarida karibu 13,000 ya wachapishaji 30, wakiwemo Elsevier, Springer Nature na Wiley. Wanaonufaika ni wanafunzi, walimu na watafiti wapatao milioni 18 katika taasisi zaidi ya 6,300. Mpango wenyewe unaitwa "taifa moja, usajili mmoja", ila taasisi hizo ni za serikali. Anayesoma chuo binafsi hakuwekwa kwenye awamu ya kwanza, na daktari mwenye zahanati yake mtaani naye yuko nje. Kwa hiyo ukisikia "taifa", uliza kwanza ni nani wamehesabiwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna vitu viwili vinavyofananishwa na leseni hii. Kuna maktaba kuchangishana na kununua kwa pamoja, kama wanavyofanya KLISC nchini Kenya na COTUL Tanzania. Huo ni mchango wa wanachama, asiyechangia hasomi. Halafu kuna Research4Life, ambayo mpango wake wa afya, Hinari, ulianza mwaka 2002: wachapishaji wenyewe wanazifungulia taasisi za nchi maskini bure au kwa bei ndogo. Hapo aliyeamua ni mwenye mali. Ufikiaji huria, yaani makala kuwekwa wazi mtandaoni ili yeyote aisome bure, nao ni habari nyingine kabisa, kwani makala iliyo huria inasomeka Dodoma, Delhi na Berlin bila mkataba wa msomaji.

Wajerumani wamepita karibu njia zote hizi. Kuanzia 2004 shirika lao la kugharimia utafiti, DFG, lilitoa fedha za kununulia leseni za kitaifa, hasa za matoleo ya zamani, kwa haki ya kudumu. Hata mkazi asiye na chuo aliweza kujisajili akasoma. Huo kwa maoni yangu ulikuwa ununuzi wa akili, maana kilichonunuliwa hakirudi kwa mwenyewe. Majarida mapya ndiyo yaliyoleta mvutano. Mazungumzo na Elsevier yalikwama, na mwaka 2018 taasisi nyingi zilikatiwa huduma. Watafiti wakawa wanaazimana kupitia maktaba, au wanamwandikia mwandishi barua pepe kumwomba nakala. Makubaliano yalipatikana Septemba 2023, na hayakuishia kwenye kusoma: taasisi zinazojiunga zinalipia pia uchapishaji, ili makala za watafiti wao ziwe wazi kwa yeyote, hata yule aliyeko nje ya Ujerumani.