Je, wajua kwa nini jua huchelewa Mbeya kuliko Dar es Salaam? Jibu limo kwenye hisabati ya kidato cha tatu

Mtu aliyezoea kuamka na jua Dar es Salaam akihamia Mbeya, kitu cha kwanza kumshangaza baada ya baridi ni alfajiri yake. Mwishoni mwa Machi jua la Dar huchomoza kama saa 12:27 asubuhi. Mbeya, saa hiyohiyo, mwanga ndiyo kwanza unaanza, na jua lenyewe husubiriwa hadi kama saa 12:50. Wengi husema ni milima, na kweli milima huchelewesha jua kidogo. Lakini hata ukiiondoa milima yote, Mbeya itabaki nyuma kwa dakika 23, na namna ya kuzipata dakika hizo hufundishwa sekondari, katika mada ya dunia kama tufe. Muhtasari uliotumika kwa miaka mingi uliiweka kidato cha tatu.

Hesabu yake ni fupi. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, au digrii moja kwa kila dakika 4. Hujizungusha kuelekea mashariki, kwa hiyo aliye mashariki hulipokea jua kwanza. Dar es Salaam iko kwenye longitudo (kipimo cha umbali wa mahali mashariki au magharibi mwa mstari wa Greenwich, Uingereza) ya kama digrii 39.3 mashariki, Mbeya 33.5. Tofauti ni 5.8, zidisha kwa 4 upate dakika 23 na ushee. Iringa, iliyo kwenye 35.7, inachelewa kwa kama dakika 14, na Njombe, kwenye 34.8, kwa dakika 18. Mwanafunzi wa Iringa mwenye ramani na kalamu anaweza kulihakikisha hili kabla chai haijapoa.

Sasa hapa ndipo mada inaponoga. Saa zetu zote Tanzania zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ndiyo maana tuko saa 3 mbele ya Greenwich (45 gawanya kwa 15). Mstari huo haupiti Tanzania kabisa. Unapita karibu na Mogadishu. Kutoka hapo hadi Mbeya ni digrii 11.5, sawa na dakika 46. Chomeka fimbo wima uwanjani Mbeya na utazame kivuli chake: kwa wastani wa mwaka, kivuli huwa kifupi kuliko vyote saa inaposoma kama 6:46 mchana, wala si saa 6 kamili.

Nenda Tunduma uone zaidi. Mji huo uko kwenye longitudo ya kama 32.8, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, ambako saa hufuata digrii 30. Ikiwa ni saa 2 asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa 1. Mfanyabiashara anayevuka kila siku anaishi na saa mbili mfukoni, na jua lililo juu ya kichwa chake linakubaliana zaidi na saa ya Zambia: kutoka Tunduma hadi mstari wa 30 ni digrii 2.8 tu, hadi mstari wa 45 ni 12.2. Ukivuka kwenda Malawi kupitia Kasumulu, Kyela, unarudisha saa nyuma vilevile.

Mada hii haiishii kwenye muda. Iringa na Songea karibu ziko kwenye longitudo moja, ila Iringa iko digrii 7.8 kusini mwa ikweta na Songea 10.7. Tofauti ni 2.9. Vitabu vya shule huchukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,370, kwa hiyo mzingo wake ni kama kilomita 40,000. Chukua sehemu ya 2.9 katika 360 ya mzingo huo, unapata kilomita 322. Basi la Iringa kwenda Songea hutembea zaidi ya kilomita 400, maana barabara huzunguka kwanza Makambako, kisha Njombe.

Ukienda mashariki na magharibi, mambo hubadilika, kwa kuwa duara la latitudo, yaani la mahali palipo umbali mmoja kutoka ikweta, hupungua kadiri unavyoiacha ikweta. Hapo ndipo kosaini, ule uwiano wa trigonometria, inapoingia. Kwenye ikweta digrii moja ni kilomita 111. Kwenye latitudo ya Mbeya, digrii 8.9, unazidisha kwa kosaini ya 8.9, yaani 0.988, unapata karibu 110. Tofauti ni ndogo kwetu, lakini Oslo, Norway, iliyo karibu na latitudo ya 60, digrii moja ni nusu tu ya ile ya ikweta.

Naamini hii ndiyo sababu wanafunzi wengi huiogopa mada hii. Inadai vitu vilivyokwisha kufundishwa: uwiano wa kidato cha kwanza, trigonometria ya kidato cha pili, duara la kidato cha tatu chenyewe. Aliyeiacha kosaini kidato cha pili hawezi kukokotoa umbali kwenye latitudo hata akikesha, na atadhani tatizo ni dunia. Kidato cha nne mnyororo unaendelea: vekta, matriksi, uwezekano, na ile mada ya kupanga matumizi bora ya kilicho kichache, ambayo kwa mkulima wa Njombe ni swali la ekari ngapi za viazi na ngapi za mahindi kwa fedha ya mbolea aliyonayo. Nawaomba walimu watumie miji hii ya kwetu. Swali la Iringa na Songea lina uhai ambao swali la nukta P na Q halina.

Kidato cha tano njia hugawanyika. Wa kombi za PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) husoma Hisabati ya Juu, yenye kalkulasi, namba changamano na milinganyo ya tofauti. Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) husoma BAM (Basic Applied Mathematics), nyepesi zaidi lakini nayo ina kalkulasi, takwimu na trigonometria. Na hapo lile swali la jua linafunguka upya, maana dakika 23 ni sahihi pale usiku na mchana vinapolingana, Machi na Septemba. Mbeya iko kusini zaidi ya Dar kwa kama digrii 2, hivyo Juni mchana wake ni mfupi kidogo na pengo la kuchomoza jua hufika dakika 27, Desemba hushuka hadi kama 20. Kuzipata dakika hizo 4 za nyongeza kunahitaji tanjenti ya latitudo ya kila mji (kusini ni hasi) kuzidishwa kwa tanjenti ya mwinamo wa jua, yaani pembe ya jua kutoka ikweta, kisha kugeuza alama ya jibu na kutafuta pembe ambayo kosaini yake ni jibu hilo, kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano anaimudu.